Chupa mbili za Léoville Barton 1996, moja imeshuka hadi begani: zifunguliweje, na tutajuaje kama bado nzima?

Mtunza_Ghala (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Kuna chupa mbili za Château Léoville Barton, mvinyo mwekundu wa Saint-Julien, Bordeaux, Ufaransa, mavuno ya 1996, ml 750 kila moja. Zilikuwa ghala la kulipia Uingereza, nyuzi 13, mpaka mwaka jana. Zikaletwa kwa ndege na sasa zimelazwa kwenye friji ya mvinyo hapa Dar, nyuzi 13 vilevile. Ya kwanza mvinyo umefika mwisho wa shingo. Ya pili umeshuka katikati ya bega, na juu ya kofia yake (bati laini linalofunika kizibo) kuna ukungu mweusi, ila sioni alama ya kuvuja. Ipo na ya tatu ya kulinganisha, Kanonkop Paul Sauer 1995 ya Stellenbosch, Cape, Afrika Kusini, hiyo imejaa vizuri.

Waonjaji ni 6. Ninachotaka kujua: zisimamishwe siku ngapi, kizibo cha umri huu kinatolewaje bila kusagika, zimiminwe kwenye dikanta (chombo cha kioo cha kuhamishia mvinyo) au la, na zaidi ya yote, tutatofautishaje mvinyo uliozeeka na mvinyo uliokufa? Wengi kati yetu tumezoea mvinyo wa miaka miwili mitatu.

---

Kizibo_Kirefu

Mkuu, zisimamishe leo, usingoje. Saa 48 ni kima cha chini; siku 5 ni bora. Mashapo ya Bordeaux ya umri huu ni rangi na tanini (zile zinazoleta ukakasi) zilizoshikana mwaka baada ya mwaka mpaka zikawa nzito na kuzama. Yako mazito yanayoteremka baada ya saa chache, na yako laini kama vumbi la unga ambayo yakitibuliwa huchukua siku kadhaa kutulia. Hayo laini ndiyo mabaya: yakiingia kwenye glasi mvinyo unakuwa na ladha ya udongo na ukakasi wa uongo, halafu watu wanalaumu chupa. Ukiona chembe zinazong'aa kama sukari usiogope, ni chumvi za asidi ya tartariki, hazina madhara.

Kabla ya kuisimamisha, weka alama ya chaki upande uliokuwa chini. Mashapo mengine yameganda kwenye ukuta wa kioo na hayatashuka. Siku ya kumimina, upande huo ndio uelekee chini, yabaki yalipo.

Kuhusu kimo cha mvinyo chupani: kwa 1996, mwisho wa shingo ni kawaida kabisa. Katikati ya bega ni chini kuliko inavyotarajiwa kwa chupa iliyotunzwa nyuzi 13, maana yake kizibo kimekuwa kikipitisha hewa zaidi ya kawaida. Si hukumu ya kifo, lakini panga kama vile inaweza kukosekana mezani. Ukungu juu ya kizibo hauna neno, ni dalili tu ya ghala lenye unyevu. Kibaya kingekuwa kizibo kilichosukumwa juu ya mdomo wa chupa au michirizi inayonata shingoni, kwa sababu hapo huenda chupa imepata joto.

Sasa kufungua. Ondoa kofia yote, usikate mdomoni tu, kwa sababu utahitaji kuona ndani ya shingo. Futa mdomo kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Vizibo vya Bordeaux vya daraja hili ni virefu, mara nyingi zaidi ya sentimita 5, na hapo ndipo kizibuo cha mgahawani kinapokosea: skrubu yake ni fupi, inashika nusu ya juu, na nusu ya chini iliyolowa na kulainika inabaki shingoni. Tafuta kizibuo cha ncha mbili bapa, kile kisicho na skrubu. Ingiza ncha ndefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha fupi, teremsha kwa kuyumbisha kushoto na kulia mpaka mpini uguse mdomo, halafu zungusha polepole huku ukivuta. Usivute bila kuzungusha.

Hatari yake ni moja: kizibo kikiwa kimelegea, ncha hizo zitakisukuma kitumbukie ndani. Bonyeza kizibo kwa kidole kwanza. Kikicheza, na kwenye chupa yako ya pili huenda kikacheza, tumia kifaa kinachounganisha skrubu na ncha mbili, kama Durand: skrubu inaingia kwanza kukishikilia, ncha zinafuata. Kizibo kikikatika, ingiza skrubu kwa mshazari kwenye kilichobaki ili kibanwe dhidi ya kioo, uvute taratibu. Kikitumbukia kabisa, mimina kupitia kitambaa cha melimeli kilichooshwa kwa maji matupu. Chujio la karatasi la kahawa halifai, linauachia mvinyo ladha ya karatasi.

Kumimina: weka tochi ya simu mezani ikiangalia juu, na shingo ya chupa, pale inapokutana na bega, ipite juu yake. Mimina kwa mkondo mwembamba usiokatika. Utaona uzi kama moshi ukianza kutambaa kuelekea shingoni. Ukifika kwenye mwanga, acha. Unapoteza ml 40 hadi 60, na hasara hiyo ikubali. Anayejaribu kuokoa vijiko vitatu vya mwisho anaharibu dikanta nzima.

---

Mwerezi (Nairobi)

Nakubaliana na Kizibo_Kirefu kwa ile chupa iliyojaa. Ile ya begani, usiiweke kwenye dikanta kabisa.

Mvinyo unapowekwa chupani huwa na salfa inayoulinda dhidi ya hewa, na salfa hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Chupa iliyoshuka begani imekula akiba yake mapema. Kuimimina kwenye chombo kipana ni kuipa kwa dakika moja hewa ambayo ilikuwa ikiipata kwa miaka. Inaweza kunukia vizuri kwa dakika 15, kisha ikaporomoka mbele ya macho yenu.

Panga glasi 6 zikiwa zimegusana, mimina moja baada ya nyingine bila kuinua chupa isimame. Hilo ndilo watu hukosea: kila chupa inaporudishwa wima, wimbi linarudi nyuma na kutibua chini yote. Mwendo mmoja, glasi sita, basi. Na tafadhali usichanganye chupa hizo mbili kwenye chombo kimoja "ili zilingane". Mbovu haitengenezwi na nzima.

Vile vifaa vya kupitisha waini kwenye mapovu ya hewa viache kabatini. Ni vya waini changa.

---

Pua_Kwanza

Nichukue swali la mwisho, kwa sababu ndilo gumu, na chupa nyingi nzuri zimemwagwa kwenye sinki kwa sababu yake.

Chupa ya karibu miaka 30 ikifunguliwa, harufu ya kwanza mara nyingi si nzuri. Inanuka chumba kilichofungwa, ngozi iliyolowa, wakati mwingine kiberiti kilichowashwa. Hiyo ni harufu ya kifungo, ya mvinyo uliokaa miaka bila hewa. Baada ya dakika 10 hadi 20 kwenye glasi inapungua, na tunda linajitokeza chini yake. Harufu ya kizibo kibovu huenda kinyume: mwanzoni inaweza kuwa hafifu, kisha inakua. Inanuka boksi lililolowa, gunia bichi, ukungu wa ukuta, na pamoja nayo tunda linazimika, mvinyo unakuwa bapa mdomoni. Kinachosababisha ni kemikali inayoitwa TCA, ambayo pua huikamata hata kwa nanogramu chache kwa lita. Haikudhuru, lakini hakuna hewa wala muda utakaoiondoa. Kwa hiyo kanuni ni hii: inayopungua, subiri, inayozidi, weka pembeni. Andikeni mnachonusa dakika ya 0, ya 10 na ya 20, kwa sababu pua huzoea TCA haraka, na anayeendelea kunusa glasi hiyohiyo baada ya muda mfupi haisikii tena. Anayetoka nje kidogo na kurudi ndiye shahidi mzuri.

Kasoro nyingine zina sura zake. Hewa ikiwa imeingia sana, mvinyo unanuka tofaa lililopondeka, njugu na karameli, na rangi inakuwa kahawia mpaka katikati. Ukinuka siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha, bakteria wamefanya kazi. Kidogo huinua harufu, kikizidi hakuna la kufanya. Harufu ya zizi la farasi au plasta ya kidonda ni hamira iitwayo Brettanomyces. Bordeaux nyingi za zamani zina chembe yake na wako wanaoipenda. Tunda lililopikwa kama jamu, bila uchangamfu wowote, ni joto la njiani au la ghala.

Na mvinyo uliozeeka salama? Anza na macho. Inamisha glasi nyuzi 45 juu ya karatasi nyeupe. Saint-Julien ya 1996 bado inaweza kuwa na wekundu mzito katikati, halafu ukingoni ikageuka rangi ya tofali, na mwisho kabisa mstari mwembamba kama maji. Tofali ukingoni ni umri. Tofali mpaka katikati ni onyo.

Puani usitafute tunda bichi la kushangilia. Mvinyo huu zabibu yake kuu ni Cabernet Sauvignon, na ukiwa mchanga hunukia tunda jeusi ambalo kwetu la karibu ni zambarau na forosadi. Sasa tunda hilo limekauka na kurudi nyuma, na mbele yake wamekuja wengine: mwerezi, penseli iliyochongwa sasa hivi, majani ya tumbaku, ngozi, uyoga, majani makavu chini ya mti baada ya mvua. Karafuu mkiisikia msidhani ni mawazo tu: mbao za mwaloni zikichomwa kutengeneza pipa hutoa eugenoli, na ndiyo hiyohiyo inayobeba harufu ya karafuu za Unguja na Pemba. Kama kuna hayo ya msituni bila tunda lolote chini yake, mvinyo umepita kilele. Kama yote mawili yapo, mmeupata wakati wake.

Mdomoni, chukua mvinyo kiasi cha kijiko cha mezani, uzungushe mpaka ufizi wa juu ulowe, vuta hewa kidogo kupitia meno, kisha umeze au uteme. Kila anayekula bibo au ndizi mbichi anaujua ukakasi. Tanini hushika protini ya mate, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa. Kwa umri huu tanini nyingi zimeungana na kuzama kama mashapo, kwa hiyo ukakasi unapaswa kuwa laini, kama unga wa kakao, na utulie ufizini, usikwaruze koo. Angalieni kama uchachu umesimama peke yake: tunda likifa, uchachu haufi, na mvinyo unabaki mwembamba na mkali. Mwisho hesabuni sekunde ladha inazobaki baada ya kumeza. Chini ya 10 kwa mvinyo wa daraja hili ni huzuni. 30 na kuendelea, furahini.

---

Mtunza_Ghala

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimezisimamisha tayari na chaki nimeweka. Nimebonyeza kizibo cha ile ya begani kupitia kofia, kinabonyea kidogo.

Mawili yamebaki. Chumba cha kulia kina nyuzi 29 jioni, AC ikiwashwa kinashuka 23. Nizitoe kwenye friji saa ngapi? Na hiyo ya Stellenbosch itangulie au ifuate? Chakula kilichopangwa ni pilau ya mbuzi na kachumbari.

---

Kizibo_Kirefu

Kinachobonyea, tumia skrubu na ncha mbili pamoja. Usijaribu ncha peke yake hata kidogo.

Joto: kwa hali yako, usizitoe mapema. Ile kanuni ya "joto la chumba" ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18, haikuwa na habari na Dar. Juu ya nyuzi 20 pombe inapanda puani na harufu zile za penseli na tumbaku zinafunikwa, ingawa mvinyo wa Bordeaux wa miaka ile ulikuwa mwepesi, asilimia 12.5 kwa kawaida. Washa AC saa mbili kabla. Toa chupa ikiwa 13, fungua, mimina. Itakuwa 15 inapofika mezani na 17 mkiwa katikati ya glasi. Dikanta iweke ndani ya beseni la maji baridi yenye vipande viwili vitatu vya barafu, siyo barafu tupu, na uipime kwa kipimajoto cha jikoni. Ikishuka chini ya 14 tanini zinakuwa ngumu na harufu inalala, itoe.

Hesabu ya glasi: ukitoa mashapo na kijiko cha majaribio, chupa inakupa karibu ml 660. Watu 6, ml 55 mara mbili. Raundi ya kwanza mara tu baada ya kumimina, ya pili dakika 40 baadaye. Glasi ziwe kubwa, ml 500 au zaidi, zimeoshwa bila sabuni yenye manukato, na kabla ya kuanza zisuuze kwa matone ya mvinyo wowote mwekundu mzima. Glasi iliyokaa kabatini inanuka kabati, na kabati la mbao linanuka karibu kabisa na kizibo kibovu.

---

Mwerezi (Nairobi)

Kuhusu mpangilio: fungueni zote tatu kwanza, mtu mmoja aonje ml 10 ya kila moja, ndipo mpange. Ila kwa kawaida ile ya begani itangulie peke yake, maana ndiyo isiyoweza kusubiri. Ifuate ile nzima ya Saint-Julien, kisha Paul Sauer mwisho.

Kumbukeni pia kwamba mavuno ya Cape huwa kati ya Januari na Aprili, ya Bordeaux ni Septemba na Oktoba. Kwa hiyo 1995 ya Stellenbosch imeitangulia 1996 ya Saint-Julien kwa karibu mwaka na nusu, si mwaka mmoja kama lebo inavyodokeza. Zote mbili ni Cabernet Sauvignon kwa wingi, ikisaidiwa na Merlot na Cabernet Franc, lakini jua la Cape linaacha tunda tamu zaidi na mwili mpana. Ukianza na hiyo, ile ya Ufaransa itaonekana imekonda, na siyo kweli. 1996 kaskazini mwa Médoc, eneo la Bordeaux, yaani Saint-Julien, Pauillac na Saint-Estèphe, Cabernet iliiva vizuri sana, kuliko Merlot ya Saint-Émilion na Pomerol, maeneo mengine ya Bordeaux, mwaka huohuo. Ni waini wa mgongo ulionyooka, si wa mashavu.

Pilau, kwa heshima zote, isiwe siku hiyo. Bizari, iliki na mdalasini ni manukato makali, yatapambana na yale ambayo mvinyo umechukua karibu miaka 30 kuyatengeneza, na sufuria itashinda. Kachumbari ndiyo mbaya zaidi: pilipili inaamsha pombe na ukakasi, ndimu inaufanya mvinyo uonekane maji. Mbuzi huyohuyo mchome, chumvi na kitunguu saumu kidogo, asiwe na mafuta mengi. Nyama nono ni ya mvinyo mchanga wenye tanini za kupigana nayo. Hizi zimekwisha kutulia. Ukipata uyoga, ukaange kwa siagi. Viazi vya kuoka, mkate mweupe, inatosha.

---

Pua_Kwanza

Naongeza jambo moja la nyumba za kwetu: siku hiyo msifukize udi, na dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumba hicho tangu asubuhi. Wageni waombwe wasipake manukato. Pua sita hazitaona penseli wala mwerezi ndani ya moshi wa udi, hata mvinyo uwe mzuri namna gani.

---

Mtunza_Ghala

Pilau imeahirishwa, mbuzi atachomwa. Udi pia nimeshatoa taarifa. Swali dogo la mwisho: kitakachobaki kinafaa kesho yake?

---

Kizibo_Kirefu

Paul Sauer huenda ikafaa: ijaze kwenye chupa ndogo ya ml 375 mpaka ukingoni, izibe, friji, inywe ndani ya saa 24. Ile nzima ya 1996 utapata nusu ya ilivyokuwa. Ya begani usiihifadhi. Ila kila mtu abakize kijiko kimoja kwenye glasi yake mpaka mwisho wa mlo, anuse tena. Glasi ikikauka vilevile, msiikimbilie kuiosha. Harufu inayobaki kwenye kioo kitupu mara nyingi ni ya mwerezi na tumbaku, na inakaa mpaka asubuhi.